Uzi: Operesheni imekuacha na ulemavu mpya, VA (idara ya maveterani ya Marekani) wamekupa asilimia ndogo ya ulemavu. Rufaa inakatwaje? (Maveterani wa Afrika Mashariki tulioko Marekani)

#1 MzeeWaKambi

Habari zenu wakuu. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp swali ni lilelile linarudi kila wiki kwa sura tofauti, nilifanyiwa operesheni hospitali ya maveterani, nikatoka na tatizo ambalo sikuingia nalo, nimeomba fidia nimepewa asilimia 10 au sifuri kabisa, sasa nifanyeje. Na majibu mengi ni ya kutiana moyo tu, "pambana kaka", "Mungu atafanya njia", ni maneno mazuri lakini mtu analala nayo na kesho yake bado hajui ajaze fomu gani. Kwa hiyo nafungua uzi, naweka ninachokijua, wenye uzoefu waongeze.

Sisi tulioingia jeshi la Marekani tukiwa wageni, wengine kwa green card, wengine kupitia ule mpango wa MAVNI, wa kuandikisha wageni wenye ujuzi maalum, ulioanza 2009 ambao Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha ya lugha walizokuwa wanazitafuta, hatuna baba wala mjomba aliyepita VA kabla yetu. Wenzetu wamerithishana haya mambo tangu Vietnam. Sisi tunajifunza kwa kuumia.

Yangu kwa ufupi. Goti la kulia liliharibika nikiwa jeshini, likatambuliwa, nikawa nalipwa. Miaka ikapita likachakaa mpaka wakaniwekea goti la bandia, hospitali siitaji. Nilipozinduka kwenye nusukaputi naambiwa nyanyua vidole, naviamuru, haviji. Wakasema tusubiri uvimbe ushuke. Uvimbe ukashuka, unyayo ukabaki unaning'inia, mpaka leo natembea na bresi ndani ya kiatu na nikiivua usiku kwenda chooni mguu unakwaruza sakafu. Kipimo cha neva, EMG, kikaonyesha neva ya peroneali imeumia pale inapopita pembeni ya goti. Nikaomba nilipwe na hiyo, barua ikaja: asilimia 10, "hafifu". Nikakata rufaa ikaishia 40. Nitaeleza nini kilibadilika kati ya 10 na 40, maana mguu ulikuwa uleule.

Kwanza kabisa, jueni mnapita mlango upi. Mtu akiumizwa kwenye operesheni anakimbilia kifungu cha 1151 cha sheria za maveterani kwa sababu ndicho anachokisikia kwenye YouTube. Subiri. Kama kilichopasuliwa ni kitu ambacho VA wameshakitambua kwamba kimetokana na utumishi wako, kama goti langu, basi wewe huna haja ya kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Unaomba hilo tatizo jipya kama mtoto wa lile la kwanza, kanuni ni 38 CFR 3.310 (CFR ni kitabu cha kanuni za serikali ya Marekani). Unaonyesha mnyororo tu: goti limetoka jeshini, goti likaleta operesheni, operesheni ikaleta neva. Daktari anaweza kuwa alifanya kila kitu sawasawa na bado unalipwa. Hata kama operesheni ilifanyika hospitali binafsi mnyororo haukatiki.

Na kama ulipasuliwa ukiwa bado umevaa kombati, hospitali ya jeshi, hiyo mara nyingi inaenda moja kwa moja kama jeraha la utumishi.

1151 ni kwa yule ambaye ugonjwa wenyewe hauhusiani na jeshi. Umeenda hospitali ya VA kutolewa nyongo, au tezi dume, au mgongo ulioumia kazini baada ya jeshi, ukatoka na ulemavu. Sheria inasema utalipwa kana kwamba umetokana na utumishi, lakini lazima uonyeshe mambo matatu, kwamba una ulemavu wa ziada, kwamba umesababishwa na tiba ya VA, halafu lile gumu zaidi, kwamba ama kulikuwa na uzembe au kukosa ustadi au kukosea maamuzi au kosa linalofanana na hayo, AU kilichotokea hakikuwa kitu ambacho daktari makini angekitegemea.

Hilo la tatu halikuwepo siku zote. Kuna veterani wa vita vya Korea, Fred Gardner, alipasuliwa disiki ya mgongo na VA, akabaki na maumivu na udhaifu mguu wa kushoto, wakamkatalia wakisema hakuna kosa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa, Brown dhidi ya Gardner, 1994, majaji wote wakakubaliana kwamba sheria ilivyoandikwa haikudai kosa, VA walikuwa wameliongeza wenyewe kwenye kanuni zao kwa miaka kama sitini. Gardner akashinda. Bunge likageuka 1996 likaandika hilo sharti la kosa ndani ya sheria yenyewe, likaanza kutumika kwa madai ya kuanzia 1 Oktoba 1997. Kwa hiyo ukisoma mtu anasema "1151 haihitaji uzembe", anasoma mambo ya kabla ya hapo. Mimi kwa moyo wangu naona Bunge liliwaonea maveterani, mtu aliyelala mezani amepigwa nusukaputi ataonyeshaje nani alikosea nini? Lakini ndiyo sheria iliyopo na tunaishi nayo.

Nitaendelea kwenye suala la asilimia, naingia kazini sasa hivi.

#2 Shiru254

Asante sana mzee kwa hii. Mimi ni mke wa veterani, tuko Texas. Mzee wangu alienda kutolewa nyongo, hiyo ya kutoboa matundu madogo, nyongo yake haina uhusiano na jeshi kabisa. Akarudishwa nyumbani, baada ya siku chache macho yakaanza kuwa manjano na homa, tukarudi emergency wakampa dawa za maumivu wakatuambia twende tupumzike. Tukarudi tena hali ikiwa mbaya ndio ikapatikana kwamba mfereji wa nyongo ulikatwa. Amepasuliwa tena, ameteseka, hata sasa hawezi kula kama watu na hajarudi kazini vizuri.

Sasa shida yangu ni hii, before aingie theatre alisaini ile fomu ya ridhaa na nimeisoma, imeandikwa kabisa "kuumia kwa mfereji wa nyongo" kati ya hatari. Si basi tumejifunga wenyewe? Rafiki ya mzee amemwambia asijisumbue kwa sababu alisaini.

#3 MzeeWaKambi

Pole sana dada, na umpe pole mzee. Hapana, hamjajifunga. Kusaini fomu ya ridhaa ni kukubali operesheni pamoja na hatari zake za kawaida, hakuna mahali sheria inasema umekubali kuzembewa.

Angalia hivi. Ile njia ya "hakikutegemewa" kwenu itakuwa ngumu, kwa sababu kuumia kwa mfereji wa nyongo kunajulikana kwenye operesheni za namna hiyo na waliiandika. Kipimo hapo ni daktari yeyote makini angeitegemea au la, haijalishi yule daktari wenu mwenyewe alikuwa anawaza nini (kuna kesi ya Schertz ya 2013 iliyosema hivyo). Kwa hiyo msipoteze nguvu hapo, nendeni njia ya kosa, na kosa lenyewe si lazima liwe pale mezani kwenye operesheni! Someni 38 CFR 3.361, inasema pia kuhusu kushindwa kugundua tatizo kwa wakati na kulitibu inavyotakiwa. Ile siku mliyorudi na macho ya manjano na homa siku chache baada ya kutolewa nyongo, mkarudishwa nyumbani na dawa za maumivu, hapo ndipo mimi ningesimama. Swali la kumuuliza daktari wa upasuaji wa nje asome faili ni moja: mgonjwa mwenye dalili hizi, baada ya operesheni hii, daktari makini angemfanyia vipimo gani siku ile? Na je, kama angegunduliwa siku ile, asingefika hapa alipo?

Hayo maswali mawili yajibiwe kwa maandishi na kwa sababu, siyo "naamini VA walikosea". Barua ya sentensi mbili haina uzito. Na iseme kwa lugha yao, kwamba uwezekano ni angalau nusu kwa nusu. Mizani ikilingana, veterani ndiye anayepewa, hiyo iko kwenye sheria, 38 U.S.C. 5107.

#4 Bwana_Mafaili

Nimeingia baada ya kutumiwa linki. Mimi ni mwakilishi mwenye kibali wa maveterani kwenye kaunti, Mtanzania, nimekuwa kwenye hii kazi muda sasa. Mzee amesema vizuri sana, naongeza vitu ambavyo watu huja kwangu wakiwa wamechelewa.

Dada Shiru, mbali na 1151 kuna njia nyingine inayokwenda sambamba, kuishtaki serikali kwa uzembe wa matibabu, sheria yake inaitwa FTCA, fomu SF-95. Hiyo ina saa inayogonga: miaka miwili tangu mlipojua au mlipopaswa kujua kwamba ameumia na kilichomuumiza. Ikipita imepita. Kwenye fomu lazima muandike kiasi cha pesa mnachodai, mkiacha wazi haihesabiki. Wakishapokea wana miezi sita ya kujibu kabla hamjaruhusiwa kwenda mahakamani. Mnaweza kufanya zote mbili, ila mkilipwa fedha za FTCA kwa jeraha hilohilo, malipo ya mwezi ya 1151 yanasimamishwa mpaka jumla ya yaliyozuiwa ifikie kile mlicholipwa. Kwa hiyo kabla ya kukubali suluhu yoyote kaeni na wakili anayejua zote mbili, kwa sababu wakili wa uzembe wa hospitali asiyejua VA anaweza kuwapa hesabu nusu.

La pili, mafaili. Usiombe "rekodi zangu" ukapewa muhtasari wa kurasa tatu. Taja kimoja kimoja: ripoti ya operesheni ya daktari mpasuaji, karatasi ya mtu wa nusukaputi, maelezo ya manesi ya kila zamu, fomu ya ridhaa, maelezo ya emergency ya kila ulipokwenda, picha na majibu ya maabara. Manesi huandika mambo ambayo daktari hakuandika. "Mgonjwa analalamika hasikii mguu, daktari amepigiwa simu", saa imeandikwa, dakika imeandikwa. Nimeona kesi imesimama juu ya mstari mmoja wa nesi wa usiku. Kuna taarifa za ndani za kujikagua ubora wa huduma ambazo sheria inaruhusu wasikupe, hizo msizihangaikie.

Tatu, kama operesheni ilifanywa na hospitali binafsi kwa kutumwa na VA wakalipia, 1151 inakuwa ngumu sana, maana kwa kawaida tiba ya huko haihesabiki kama tiba ya VA. Hapo ipitieni kesi yote kwanza na mtu anayejua.

#5 kijana_wa_Ohio

Mi nawaambia ukweli, haya mambo yote ya vifungu yanachosha. Kuna kampuni moja nimewapa kila kitu wamalize wenyewe, wanachukua kiasi ukiongezewa asilimia. Bora nilipe kuliko kusoma kanuni usiku kucha na mimi nina zamu mbili.

#6 Bwana_Mafaili

Ndugu yangu, uchovu wako naujua na siulaumu. Lakini waulize swali moja tu, wana kibali cha VA? Ofisi ya mwanasheria mkuu wa VA ina orodha kwenye tovuti, unaandika jina inatokea. Kama hawamo, hawatasimama popote kwa niaba yako, hawataona faili lako, wanakuandalia karatasi wewe ndiye unasaini na wewe ndiye utakayeulizwa.

Mashirika kama DAV, American Legion na VFW yanafanya bure, na sisi wa kaunti bure. Wakili mwenye kibali anaruhusiwa kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, na kawaida ni asilimia 20 ya malimbikizo, inachukuliwa kuwa ni haki, ikizidi theluthi moja inachukuliwa kuwa si haki. Anakatwa kwenye malimbikizo, hagusi malipo yako ya kila mwezi yanayofuata. Na kesi ikifika Mahakama ya Rufaa ya Maveterani kule Washington, mawakili wengi hawakutozi kabisa kwa sababu ukishinda serikali ndiyo inawalipa. Sasa wewe mwenye zamu mbili unalipia nini?

#7 MzeeWaKambi

Nimerudi. Tuingie kwenye asilimia, hapa ndipo watu wengi wanapoteza.

Barua ya uamuzi ikija watu wanatazama namba ya juu, wanakasirika, wanaiweka kwenye droo. Geuza kurasa. Kuna sehemu wanaeleza sababu, na kuna sentensi inasema "asilimia kubwa zaidi hutolewa pale ambapo..." Hiyo sentensi ndiyo mtihani wenyewe umewekewa mezani pamoja na majibu. Yangu ilisema 20 inatolewa ikiwa ni kiasi, na kwenye jedwali la VA la asilimia za ulemavu, namba 8521, ni 10 hafifu, 20 wastani, 30 kali, 40 kwa neva iliyokufa kabisa, yaani unyayo unaning'inia na hauwezi kuunyanyua, vidole havinyooki, na mgongo wote wa unyayo hauna hisia.

Sasa nikaomba ripoti ya yule mchunguzi wa C&P, ule uchunguzi wa VA wa kupima ulemavu, nikaikuta ameandika ganzi tu. Nguvu ya kunyanyua unyayo hakuandika, na bresi haikutajwa. Na kanuni iko wazi, chini ya kichwa cha neva, 4.124a, kwamba tatizo likiwa la hisia peke yake linapewa hafifu au likizidi sana wastani. Kwa hiyo aliyeamua alifuata karatasi aliyoletewa. Ningeandika rufaa ya kurasa kumi kueleza ninavyoteseka, bado karatasi ingesema ganzi.

Nilichofanya ni kwenda kwa daktari wa neva akapima nguvu ya kila msuli na kuandika kwa namba, sifuri kati ya tano kunyanyua unyayo, akaambatanisha EMG, akapima unene wa shavu la mguu mmoja na la mwingine kuonyesha misuli imesinyaa, akaandika bresi ni ya kudumu. Mke wangu akajaza fomu 21-10210, ya ushahidi wa mtu wa kawaida, akaeleza nilivyoanguka kwenye ngazi na kwamba sasa siendeshi gari kwa mguu huo. Bosi wangu naye akajaza, akaeleza kazi alizoniondoa. Hao hawasemi mambo ya kidaktari, wanasema walichokiona kwa macho yao, na sheria inawasikiliza.

Halafu kovu. Lilikuwa linauma kuligusa na hakuna aliyelihesabu. Kovu moja au mawili yanayouma ni 10 peke yake, namba 7804. Hailipwi dalili moja mara mbili, hilo ni kweli, lakini goti, neva na kovu ni dalili tatu tofauti.

Hesabu yao msijumlishe kama sokoni. Nina goti la bandia 30, ambayo ndiyo ya chini kabisa baada ya kipindi cha kupona kuisha, neva 40 na kovu 10. Siyo 80. Unaanza na kubwa, 40, umebaki mzima 60, asilimia 30 ya hiyo 60 ni 18, jumla 58. Umebaki 42, asilimia 10 yake ni kama 4, jumla 62, inapelekwa kwenye kumi iliyo karibu, inakuwa 60.

Njia za rufaa zenyewe, tangu 19 Februari 2019 sheria mpya ilipoanza kufanya kazi, ziko tatu. Dai la nyongeza, fomu 20-0995, unaleta ushahidi mpya wenye maana. Mapitio ya ngazi ya juu, 20-0996, mtu mwenye cheo ambaye hakuwahi kuligusa faili anaangalia upya, huruhusiwi kuleta kitu kipya, ila unaweza kuomba azungumze nawe kwa simu umwonyeshe kosa liko wapi. Na Bodi ya Rufaa za Maveterani, fomu 10182, unakwenda kwa jaji, unachagua asome kilichopo tu, au upewe siku 90 za kuongeza ushahidi, au usikilizwe. Kote mwisho ni mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ili usipoteze tarehe yako ya kuanza kulipwa. Dai la nyongeza unaweza kuleta hata baada ya mwaka, lakini malimbikizo ya nyuma yanaondoka.

Mimi nilichagua dai la nyongeza kwa sababu tatizo langu lilikuwa ushahidi haumo kwenye faili. Kama EMG ingekuwa tayari imo na mtu ameiruka, ningekwenda mapitio ya ngazi ya juu.

#8 Mrs_Kilosa

Mzee umenigusa kwenye hiyo ripoti ya C&P. Mume wangu nilimsindikiza, daktari kamuuliza unaendeleaje, akajibu vizuri tu namshukuru Mungu. Kamuuliza maumivu, akasema ya kawaida. Huyu ni mtu ambaye asubuhi ananiomba nimvalishe soksi! Nikabaki namtazama. Ripoti ikaja imeandikwa hali nzuri.

#9 MzeeWaKambi

Dada hilo ndilo linalotuangusha wengi, na siyo uongo wa mtu, ni malezi. Tumekuzwa kwamba mwanaume halalamiki mbele ya mgeni, daktari anaheshimiwa, na ukiulizwa hali unajibu nzuri hata kama una homa. Halafu jeshi likaongezea juu yake. Lakini yule mchunguzi hajakuja kukutibu, amekuja kuandika, na asichokisikia hakiandiki.

Nawaambia vijana wangu, mwezi mzima kabla ya uchunguzi andikeni kwenye daftari, siku ambayo ilikuwa mbaya ilikuwaje, ulishindwa kufanya nini, ilichukua muda gani. Ukiulizwa, soma daftari. Vaa bresi yako, nenda na fimbo yako kama unaitumia kila siku, usiikodi ya siku hiyo. Usiongeze chumvi hata punje, wanaona, na ukishavunja uaminifu faili lote linanuka. Kwa viungo kama goti na mgongo muulize aandike hali ikichachamaa inakuwaje, maana kuna kesi ya Sharp ya 2017 inayomtaka mchunguzi akadirie hilo hata kama siku hiyo umefika ukiwa nafuu.

#10 Nyumbani_Moshi

Salaam toka Moshi. Mimi nilirudi nyumbani baada ya kustaafu, nalipwa 50. Nina rufaa ambayo ilibaki njiani. Wananiambia ukiwa nje ya Marekani usahau, ni kweli?

#11 Bwana_Mafaili

Si kweli mkuu. Fidia inakufuata popote na rufaa inaendelea, uchunguzi unaweza kupangwa hukohuko nje. Hakikisha tu anwani na simu ni za sasa, kwa sababu barua ikikosa kukufikia na ukakosa uchunguzi wataamua kwa yaliyomo. Na kwa matibabu ya yale yaliyotambuliwa kutokana na utumishi kuna mpango wa VA wa matibabu ya nje ya nchi, FMP, jiandikishe, tunza risiti na ripoti za hospitali za Moshi au Dar, hizo pia ni ushahidi kwenye rufaa. Zitafsiriwe kwa Kiingereza kama ziko kwa Kiswahili.

Mzee wa Kambi, na wewe nina swali. Unyayo wako unaning'inia moja kwa moja, 8521 kamili. Barua ya mwisho ilisema lolote kuhusu SMC, yale malipo maalum ya ziada?

#12 MzeeWaKambi

Hapana mkuu. Ilisema 40 basi.

#13 Bwana_Mafaili

Basi soma 38 CFR 3.350(a)(2). Inasema neva hiyo ikipooza kabisa na unyayo ukaning'inia, pamoja na mabadiliko yanayoonekana ya mzunguko wa damu au ngozi kwenye mguu, inahesabika kwamba umepoteza matumizi ya mguu. Hiyo inakupa malipo maalum ya ziada, SMC-K, juu ya asilimia zako, na inafungua mlango wa msaada wa gari. Muulize daktari wako wa neva aangalie ngozi, rangi, joto la mguu huo ukilinganisha na mwingine, aandike. Kama mwaka haujaisha tangu barua, peleka.

#14 MzeeWaKambi

Bado haujaisha. Aisee asante sana, kesho asubuhi naomba miadi.

#15 MamaJunior_KY

Nimesoma yote nikiwa na uchungu. Mume wangu alikuwa na rufaa ya 1151 kwenye Bodi, amefariki mwezi uliopita, na madaktari wanasema ni matatizo yaleyale ya ile operesheni. Je yote yamekufa naye?

#16 Bwana_Mafaili

Pole sana mama, Mungu akutie nguvu wewe na watoto. Hayajafa. Una haki ya kuingia nafasi yake kwenye rufaa ileile, fomu 21P-0847, ndani ya mwaka mmoja tangu alipofariki, na kilichokuwa chake utakipokea wewe. Halafu kwa kifo chenyewe, 1151 inahusu pia kifo, unaomba fidia ya mjane, DIC, kwa fomu 21P-534EZ. Ukiileta ndani ya mwaka, malipo yanarudi mpaka mwezi aliofariki. Cheti cha kifo kikitaja sababu isiyo sahihi au isiyokamilika, ongea na daktari aliyekisaini sasa hivi kabla muda haujapita. Nitumie ujumbe binafsi, nitakutafutia mtu wa kaunti yako, usilipe senti.

#17 Shiru254

Mama Junior pole sana, tunakuombea.

Mzee, nimeomba mafaili yote vile Bwana Mafaili alisema, na maelezo ya emergency ya ile siku ya kwanza yamekuja. Imeandikwa "macho manjano" na hakuna hata damu ilichukuliwa. Nimepata daktari mpasuaji wa nje amekubali kusoma. Swali la mwisho, tungoje barua yake ndio tufungue klemu, ama tufungue sasa?

#18 MzeeWaKambi

Msingoje. Operesheni ilikuwa lini? Kwa 1151, dai likiwafikia ndani ya mwaka mmoja tangu alipoumia, malipo yanarudi mpaka siku ile ya kuumia. Likichelewa yanaanzia siku mliyoleta. Jazeni nia ya kudai, 21-0966, leo hii, inawashikia tarehe kwa mwaka, halafu barua ya daktari ifuate na dai lenyewe kwa 21-526EZ, mkiandika wazi kwamba ni chini ya kifungu cha 1151 na mkitaja tarehe zote mbili, ya operesheni na ile ya emergency. Na rekodi za afya yake za kabla ya operesheni ziwemo, kwa sababu watapima alivyokuwa kabla na alivyo baada, tofauti hiyo ndiyo watakayoilipa.

#19 Shiru254

Ni miezi nane. Najaza usiku huu.